Mlinganyo Uliobalansi Unaweza Kusema Uongo

Tazama mlinganyo huu: Cu + H₂SO₄ → CuSO₄ + H₂. Hesabu atomi zake. Kushoto kuna shaba moja, haidrojeni mbili, salfa moja na oksijeni nne. Kulia vivyo hivyo. Umebalansi bila hata kuongezewa namba, na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeambiwa asawazishe milinganyo kumi ataupita huu kwa furaha na kuhamia unaofuata. Tatizo ni kwamba mmenyuko wenyewe haupo. Tumbukiza kipande cha waya wa shaba kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, ungoje mpaka kengele ya kwenda nyumbani ilie, hutaona hata povu. Shaba iko chini ya haidrojeni katika ule msururu wa metali unaoanzia kwenye potasiamu na kuishia kwenye dhahabu, kwa hiyo haina ubavu wa kuing'oa haidrojeni kutoka kwenye asidi. Ukitaka asidi hiyo iile shaba, sharti iwe kali na ipashwe moto, na hata hapo haitoki haidrojeni. Inatoka salfa dayoksaidi, gesi inayokereketa koo: Cu + 2H₂SO₄ → CuSO₄ + 2H₂O + SO₂.

Shule zetu za sekondari zinafundisha kubalansi kana kwamba ni hesabu ya kujumlisha, wakati ni hatua ya mwisho, tena nyepesi kuliko zote, katika kuandika jambo ambalo limetokea kweli. Kijana anamaliza kidato cha nne akiwa fundi wa kupanga namba, na kichwani amebaki na imani kwamba namba zikilingana basi habari ni ya kweli. Daftari la duka nalo linaweza kulingana mpaka senti ya mwisho, na mzigo ulioandikwa humo usiwe umewahi kushushwa dukani.

Somo lenyewe huenda hivi. Mwalimu anaandika ubaoni vitu vinavyoingia na vinavyotoka, vyote amekwisha kuvipanga, halafu anaacha nafasi mbele ya kila fomula. Darasa linafundishwa utaratibu: anza na metali, oksijeni na haidrojeni ziache mwisho, ukipata nusu zidisha kila kitu kwa mbili. Utaratibu ni mzuri na unafanya kazi. Baada ya vipindi vichache hata wale wa nyuma wanajaza nafasi kwa kasi. Ila maswali ambayo mkemia angeanza nayo yote yamejibiwa kabla mwanafunzi hajashika kalamu: nini kimeingia, nini kimetoka, tumejuaje, na kwa nini fomula ya hicho kilichotoka iko vile.

Ndiyo maana kosa moja halifi, mwaka nenda mwaka rudi. Mwanafunzi anaambiwa aandike mlinganyo wa alumini inapoungana na oksijeni. Anaandika Al + O₂, anachora mshale, kisha anaandika AlO₂. Anahesabu: alumini moja na moja, oksijeni mbili na mbili. Imebalansi! Mwalimu anapiga mkasi na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: usiguse namba za chini. Kijana anaichukua kama sheria ya barabarani, kwamba huku hairuhusiwi kupita, basi. Hakuna aliyemweleza kwamba hesabu yake ilikuwa safi kabisa na kilichoharibika ni kemia. Atomi ya alumini huachia elektroni 3, ya oksijeni huchukua 2, kwa hiyo hesabu ya kutoa na kupokea haifungi mpaka alumini ziwe 2 na oksijeni 3. Al₂O₃ ndicho kitu kilichopo, na ndio utando mwembamba usioonekana unaoifunika sufuria ya alumini na kuizuia isiliwe kama bati lililopata kutu. Ukishalijua hilo, namba za mbele hazisumbui: 4Al + 3O₂ → 2Al₂O₃. Yule aliyeandika AlO₂ alibuni dutu ambayo hutaipata kwa kuchoma alumini, kisha akaisawazisha vizuri sana.

Namba ya chini inaeleza kitu ni nini, ya mbele inaeleza kipo kiasi gani. Ukiongeza 2 mbele ya H₂O umepata maji zaidi. Ukiongeza oksijeni moja chini yake umepata H₂O₂, ile dawa ya dukani inayotoa povu ukiimwagia kwenye kidonda, na hakuna mtu anayeinywa kukata kiu. Mwanafunzi akielewa hivyo, ile sheria ya wino mwekundu inakuwa haina kazi tena.

Zile herufi ndogo za kwenye mabano, (s) kwa yabisi, (l) kwa kimiminika, (g) kwa gesi na (aq) kwa kilichoyeyuka majini, nazo hudharauliwa. Huonekana kama mapambo ambayo ukiyasahau unakatwa nusu maksi. Lakini andika KNO₃ + NaCl → KCl + NaNO₃. Umebalansi. Changanya myeyusho wa vitu hivyo viwili kwenye glasi: kimya. Ioni zote nne, yaani zile chembe zenye chaji, zilikuwa zinaelea majini na zinaendelea kuelea. Sasa badilisha potasiamu kwa fedha: AgNO₃(aq) + NaCl(aq) → AgCl(s) + NaNO₃(aq). Hapo hapo glasi inageuka nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Kwa hesabu ya atomi milinganyo hii miwili ni pacha. Tofauti yote, ya kutokea na kutotokea, imebebwa na ile (s) moja.

Pengine mtu ataona nakuza jambo dogo. Basi tuangalie wakemia wenyewe walivyosumbuliwa na jambo hili hili.

Wazo la kulinganisha pande mbili lilipata nguvu kwa mkemia Mfaransa Antoine Lavoisier. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 alipochunguza uchachukaji wa zabibu aliandika juisi ya zabibu upande mmoja, akaweka alama ya sawasawa, na upande wa pili akaandika kaboni dayoksaidi (kwa jina la enzi zake) na alkoholi. Hoja yake ilikuwa kwamba katika kila kazi ya maabara kiasi cha maada kabla na baada ni kilekile. Halishangazi sana kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ya kumpa ugali ilikuwa kwenye shirika la kukusanya kodi za mfalme. Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye gilotini tarehe 8 Mei 1794. Uchachukaji alioupima Lavoisier ni uleule unaofanya tembo la mnazi la asubuhi liwe kali jioni, na leo tunauandika C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂, gramu 180 za sukari kwa gramu 92 za alkoholi na 88 za gesi. Yeye hakuwa na fomula hata moja. Alikuwa na mizani.

Kisha akaja John Dalton mwaka 1808 na nadharia yake ya atomi. Dalton aliamua kwamba ikiwa vitu viwili vinafahamika kuunda kampaundi moja tu, basi tuchukulie kuwa ni atomi moja kwa moja. Kwa hiyo kwake maji yalikuwa HO. Ukiandika H + O → HO, mlinganyo umebalansi mara ya kwanza bila jasho. Uzito nao unakubali, kwa sababu ukisema maji ni HO, unasema tu kwamba oksijeni ni nzito mara 8 kuliko haidrojeni. Ukisema ni H₂O, unasema ni nzito mara 16. Mizani pekee haiwezi kuamua nani mkweli.

Kilicholeta ugomvi ni ujazo. Joseph Louis Gay-Lussac alionyesha kwamba ujazo 2 wa haidrojeni huungana na ujazo 1 wa oksijeni na kutoa ujazo 2 wa mvuke wa maji. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro akaeleza: ujazo sawa wa gesi, katika joto na mgandamizo uleule, una idadi sawa ya chembe, na chembe za oksijeni na haidrojeni ni atomi mbilimbili. Kwa maneno mengine, 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Dalton hakukubali, na wengi hawakumsikiliza Avogadro. Kwa karibu miaka 50 Ulaya nzima ilikuwa na wakemia walioandika maji hivi na wengine vile, kila mmoja milinganyo yake ikiwa imebalansi. Septemba 1860 wakakutana zaidi ya 100 mjini Karlsruhe, Ujerumani, ili angalau waelewane. Mwitalia Stanislao Cannizzaro alitetea wazo la Avogadro, na nakala za kijitabu chake zikagawiwa watu wakiondoka. Mendeleev, Mrusi aliyekuja kutunga jedwali la elementi, alikuwemo ukumbini. Baada ya hapo ndipo uzito wa atomi ukaanza kutulia, na jedwali la elementi likapata msingi wa kusimamia.

Ile 2 ya kwanza katika 2H₂O ni jibu la ugomvi wa nusu karne kuhusu dunia ilivyo, na sisi tunaipitisha kwa dakika 40, tena kama fumbo la kujaza nafasi.

Twende jikoni, maana hapo hoja hii inaonekana vizuri kuliko maabara yoyote. Chukulia mtungi wa gesi. Ndani yake kuna mchanganyiko wa propani na butani. Tuuchukulie wote kuwa butani ili hesabu iwe nyepesi, tofauti si kubwa. Butani ikiungua vizuri:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Moto wake ni wa buluu, sufuria inabaki safi. Sasa tundu la hewa la jiko likiziba kwa mafuta na vumbi:

2C₄H₁₀ + 9O₂ → 8CO + 10H₂O

Na hewa ikipungua zaidi:

2C₄H₁₀ + 5O₂ → 8C + 10H₂O

Hesabu mwenyewe, yote mitatu imebalansi. Gesi iliyoingia ni ileile, hewa ni ileile ila kiasi chake kinatofautiana, na yote mitatu inaweza kuwa inatokea kwa wakati mmoja kwenye jiko moja. Ukiona moto wa njano na masizi meusi chini ya sufuria, huo mlinganyo wa tatu unajiandika wenyewe, na ule wa pili, usioonekana wala kunukia, huenda unaendelea pembeni. Penseli haiwezi kukuambia uko kwenye mlinganyo upi. Sufuria inaweza. Mtoto anayetumwa kusugua masizi kila Jumamosi ana ushahidi mkononi ambao hakuna aliyewahi kumwambia ni somo la kemia.

Namba za mlinganyo wa kwanza zinasema mengi zaidi zikigeuzwa kuwa kilo. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha, umetumia oksijeni kama kilo 21.5, na umeachia jikoni takriban kilo 18 za kaboni dayoksaidi na zaidi ya kilo 9 za maji. Ndiyo, maji, kwa namna ya mvuke. Ndiyo yale yanayolowesha kioo cha dirisha wakati wa baridi. Oksijeni hiyo haiji peke yake, inakuja ndani ya hewa, na hewa inayohitajika ni karibu mita za ujazo 78, yaani kuzidi vyumba vitatu vya futi 10 kwa 10 kuanzia sakafuni hadi darini. Sijawahi kukutana na mwanafunzi ambaye hesabu hii haikumfanya ainue kichwa. Na ni mlinganyo uleule aliokwisha kuusawazisha wiki iliyopita huku akisinzia.

Kwenye jiko la mkaa mambo ni mazito zaidi, kwa sababu yanaua. Kaboni ikipata hewa ya kutosha, C + O₂ → CO₂. Ikipata kidogo, 2C + O₂ → 2CO. Gramu 32 za oksijeni zinateketeza gramu 12 za mkaa katika hali ya kwanza na gramu 24 katika ya pili. Vitabu hueleza hivyo na kuishia hapo. Lakini mkaa hauko hivyo jikoni. Hewa inaingilia chini. Huko chini inapatikana CO₂. Gesi hiyo inapanda ikipita katikati ya makaa mekundu, na makaa yanainyang'anya: CO₂ + C → 2CO. Ikifika juu, ikikuta hewa na joto la kutosha, inaungua tena: 2CO + O₂ → 2CO₂. Vile vindimi vidogo vya buluu vinavyocheza juu ya mkaa ulioshika vizuri ndiyo kaboni monoksaidi inayomalizikia hapo. Jiko likiwa nje, hakuna neno. Likiingizwa chumbani usiku wa baridi, kuanzia Njombe mpaka Nyandarua, mlango ukafungwa na mwanya wa chini yake ukazibwa kwa nguo, moto unafifia, vindimi vya buluu vinatoweka na sehemu ya ile CO inabaki chumbani. Inashikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Watu wanalala hawaamki.

Kuna milinganyo minne katika aya iliyopita, yote ya kidato cha pili, hakuna hata mmoja unaochukua nusu dakika kuusawazisha. Swali lenye thamani ni upi unatokea wapi ndani ya jiko, na kwa nini. Hilo sijaliona likiulizwa.

Pwani tuna mfano mwingine ambao umejengewa mji mzima. Chokaa. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya lundo la magogo na kuchomwa: CaCO₃ → CaO + CO₂. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi, zinarudi kilo 56. Zile 44 zimekwenda na upepo, na hapo mtoto mwenye akili atauliza kama maada haipotei, mbona zimepungua? Swali hilo lina thamani kuliko mazoezi 30 ya kujaza namba. Chokaa mbichi ikimwagiwa maji huchemka yenyewe, CaO + H₂O → Ca(OH)₂, na huo unga mweupe ndio mafundi walioutumia kujenga na kupaka kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, na ndio uleule unaopakwa kidogo kwenye jani la tambuu. Ukutani, mwaka hadi mwaka, unaivuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani: Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O. Ukuta unarudi kuwa jiwe. Kilo 44 zilizotoroka kwenye tanuri zinarudishwa na hewa ya mtaani, nyingine kutoka kwenye pumzi za wapita njia. Jumlisha milinganyo hiyo mitatu, futa kinachojirudia pande zote mbili, na hakuna kinachobaki. Hapo kubalansi kunakuwa na maana ambayo mwanafunzi ataikumbuka, kwa sababu kuna kitu cha kulinganisha.

Mfano wa magadi ni mfupi ila mtamu. Ziwa Magadi la Kenya limejaa trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, ambayo ikipashwa moto hutoa magadi soda ya viwandani: 2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O. Kila tani 10 za trona safi hutoa kama tani 7. Hiyo ni 318 kugawa kwa 452, na mwenye kiwanda anaijua kabla hajanunua kuni.

Nirudi kwenye hesabu, maana kuna watakaosema: sawa, lakini kuna njia ya uhakika ya aljebra, weka a, b, c, d mbele ya kila fomula, andika mlinganyo kwa kila elementi, tatua. Njia hiyo ni halali. Nayo ndiyo programu za simu zinayotumia, au ya jamaa yake, kusawazisha chochote kwa kufumba na kufumbua. Mwanafunzi mwenye simu ya bei ndogo tayari anashindana na mashine ambayo haichoki. Lakini angalia mashine hiyo inavyokwama kwenye mmenyuko unaojulikana na kila aliyefika kidato cha sita, wa potasiamu pamanganeti na haidrojeni peroksaidi ndani ya asidi. Jibu sahihi ni hili:

2KMnO₄ + 5H₂O₂ + 3H₂SO₄ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 8H₂O + 5O₂

Sasa weka 1 mahali pa ile 5 ya peroksaidi, halafu andika 4H₂O + 3O₂ mwishoni. Hesabu. Umebalansi. Weka 3, andika 6H₂O + 4O₂. Umebalansi. Weka 7, andika 10H₂O + 6O₂. Nao pia. Unaweza kuendelea hivyo mpaka karatasi iishe. Majibu hayana mwisho, na aljebra haina namna ya kukuambia ni lipi.

Sababu ni kwamba peroksaidi ina tabia ya kuvunjika yenyewe, 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂, na huo ni mlinganyo uliokwisha kubalansi. Ukiuongeza juu ya ule wa kweli, au ukiupunguza, hesabu haiharibiki: 7 ni 5 na 2, 3 ni 5 toa 2. Umechanganya mambo mawili tofauti na karatasi haikugundua. Kinachoamua ni elektroni. Manganizi ndani ya pamanganeti inashuka kutoka +7 hadi +2, kila moja inachukua elektroni 5. Kila molekuli ya peroksaidi inaachia 2. Pamanganeti 2 huchukua 10, peroksaidi 5 huachia 10. Ndiyo hiyo 2 kwa 5, na ukiipima kwa byureti, ule mrija wa maabara wenye alama za vipimo, rangi ya zambarau inakataa kutoweka pale pale hesabu ya elektroni ilipotabiri. Hapo ndipo kemia ilipo, na hesabu ya atomi haikuigusa.

Kwa nini basi tumeng'ang'ania kubalansi kwa namna hii? Sababu moja haisemwi sana. Tanzania na Kenya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayehangaika kuunda aya ya maelezo kwa lugha hiyo hukuta kwenye kubalansi mahali pa kupumulia. Namba hazina sarufi. Ni maksi za uhakika kwa asiye na maneno, na mwalimu mwenye darasa la watu 80 anazithamini kwa sababu anaweza kusahihisha madaftari yote kabla ya chai. Siwezi kumlaumu. Wala sitaki mazoezi yaachwe. Mtu asiyeweza kusawazisha mwako wa butani haraka hawezi kuufikiria mwako wa butani. Vidole lazima vizoee.

Ninachopinga ni kuishia hapo, na kisingizio cha kukosa maabara hakitoshi. Mfano wa mtungi, wa mkaa na wa chokaa hauhitaji chupa hata moja ya kemikali. Mwalimu akileta msumari na kidogo cha mrututu, ile kopa salfeti ya buluu wanayopuliza wakulima wa kahawa na zabibu, darasa zima litaona msumari ukivaa koti la shaba, halafu ndipo waandike Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu. Kwanza kitu, kisha majina, kisha fomula, mwisho namba. Mpangilio huo hauongezi hata kipindi kimoja kwenye ratiba. Unaugeuza tu ule uliopo.

Kinachoweza kuugeuza haraka ni mtihani, kwa sababu walimu hufundisha kinachoulizwa, na wana haki. Baraza la Mitihani likiendelea kuweka swali la "sawazisha," madarasa yataendelea kujaza nafasi. Swali la aina nyingine si gumu kulitunga. Mpe mtahiniwa milinganyo mitatu, yote imebalansi:

Mg + CuSO₄ → MgSO₄ + Cu
2Ag + CuSO₄ → Ag₂SO₄ + Cu
Na + Cl₂ → NaCl₂

Mwambie mmoja tu ndio unaotokea. Autaje, kisha kwa kila mmoja kati ya miwili iliyobaki aeleze kwa sentensi moja kilichoharibika. Wa pili, fedha ni dhaifu kuliko shaba na haiwezi kuiondoa. Wa tatu, sodiamu ina elektroni 1 tu ya kuachia, kwa hiyo NaCl₂ ni kitu cha kubuni. Maksi 1 kwa kuchagua, 2 kwa kila sababu, na sababu ikubalike hata ikiandikwa kwa Kiingereza cha kuungaunga, mradi kemia iwe imesimama. Msahihishaji atasoma mistari miwili. Atakayeandika kwamba yote mitatu ni sahihi kwa kuwa pande zinalingana, apewe sifuri.